Ukiuona Kabla ya Admini: Mwongozo Kamili wa Kumsaidia Anayesimamia Kundi la WhatsApp

Usiku wa msiba mmoja mtaani kwetu, kundi letu la WhatsApp lilikuwa likikusanya rambirambi. Mweka hazina alikuwa ameshatuma namba ya simu na jina litakalotokea mtu akituma pesa. Saa nne na kitu usiku ukaingia ujumbe kutoka kwa jirani tunayemfahamu wote: "Laini ya mweka hazina imefika kikomo, tumieni hii hapa." Chini yake namba mpya.

Mimi, admini, nilikuwa nimelala. Watu zaidi ya kumi wakajibu. Wengine waliandika poleni, wengine "nimetuma", mmoja akauliza "hii ni kweli?" na swali lake likapita hivi hivi, limefunikwa na emoji za mikono iliyoshikana. Aliyetuokoa ni mama mmoja ambaye hakuandika neno kundini. Alimpigia yule jirani kwa simu ya kawaida, akaambiwa WhatsApp yake imechukuliwa tangu jioni na hajatuma chochote. Kisha akanipigia mimi, ikaita mpaka ikakatika, akapiga tena. Nilipofungua simu nilikuta inboksi yake: skrinishoti ya ujumbe, saa ulipoingia, na mstari mmoja, "Nimeongea naye, si yeye." Kuufuta kulinichukua sekunde chache. Watu watatu walikuwa wameshatuma pesa.

Mama yule hana cheo chochote kundini. Alihakikisha, akamfikia admini moja kwa moja, na hakuongeza kelele. Karibu kila kitu kilichomo kwenye mwongozo huu ni kufafanua alichofanya yeye usiku ule.

Kwa nini admini hawezi peke yake

Wengi hudhani kuna watu kwenye kampuni wanaoangalia yanayoandikwa kwenye makundi na kuondoa mabaya. Kwa WhatsApp sivyo. Tangu mwaka 2016 ujumbe wote umefungwa kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho, yaani unasomeka kwenye simu za waliomo kundini tu. Kampuni haiuoni mpaka mmoja wenu auripoti. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza wa kundi la mtaa, la wazazi wa darasa, la kikoba au la ukoo ni admini, na admini ni mtu mwenye kazi zake. Anaendesha bodaboda, anafundisha, ananyonyesha, analala. Kundi linaweza kuwa na watu hadi 1,024. Yeye anaona pale anapofungua simu tu, na akiifungua saa kumi na moja alfajiri anakuta ujumbe mia mbili.

Silaha alizo nazo ni chache: kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwa wote (tangu 2022), kumtoa mtu, kufunga kundi ili maadmini peke yao waandike, na kupitisha au kukataa wanaoomba kujiunga. Zote zinategemea ajue jambo mapema. Macho ni yenu.

Hatua ya 1: Jiandae kabla ya tatizo

Gusa jina la kundi juu ya skrini, teremka kwenye orodha ya watu, uangalie nani wameandikwa kuwa maadmini. Hifadhi namba za wawili kwenye simu yako kwa majina, mfano "Admini Mtaa 1". Saa ya dharura hutaki kuanza kupekua orodha ya watu mia nne ambao nusu yao wana picha ya ua.

Hapo hapo soma maelezo ya kundi. Kama sheria zipo, zitakuwa hapo au kwenye ujumbe uliobandikwa juu. Kama hazipo, mwombe admini aandike tatu au nne fupi, na ikiwezekana mwandikie rasimu. Kundi lisilo na sheria zilizoandikwa humwacha admini akigombana na kila anayemfutia ujumbe: "Mbona wa fulani hukufuta?"

Kisha linda akaunti yako mwenyewe, kwa sababu akaunti iliyoibwa ndiyo mlango mkubwa wa matapeli kwenye makundi. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Utaweka namba ya siri ya tarakimu sita. Angalia pia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta au simu usiyoitambua, iondoe. Na ile namba nyingine ya tarakimu sita, ya kufungulia akaunti, inayokuja kwa SMS usimpe mtu yeyote, hata akikuandikia kwa akaunti ya dada yako kwamba "nimekosea, imeingia kwako, nitumie". Hivyo ndivyo jirani yetu alivyopoteza akaunti yake.

Hatua ya 2: Ukiona kitu kibaya, usijibu kundini

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na ndiyo yenye faida kubwa.

Mtu akitupia matusi, uzushi au linki ya utapeli, mkono unawasha kuandika. Lakini kila jibu linafanya kazi tatu mbaya. Linasukuma ujumbe huo juu mbele ya watu waliokuwa hawajauona. Linamfanya admini, akifungua simu, apekue majibu hamsini kutafuta chanzo. Na ukijibu kwa kunukuu, maneno yale yanabaki ndani ya nukuu yako hata admini akishafuta ujumbe wenyewe. Nimewahi kufuta tusi moja la kikabila na kulikuta limesalia kwenye nukuu za watu sita waliokuwa wakilikemea. Ilinibidi niwafutie na wao, na wawili wakanuna.

Kuna jambo moja ambalo linafaa kuandikwa kundini kabla admini hajafika, nalo ni onyo la pesa. Hapo kila dakika ina gharama. Andika mara moja, kwa ufupi, bila kunukuu na bila kurudia namba ya tapeli: "Ndugu zangu, msitume pesa kwenye namba mpya mpaka mweka hazina athibitishe kwa simu." Wengine wasirudie. Onyo moja linaonekana. Maonyo ishirini yanafunikana.

Hatua ya 3: Hakikisha unachokiona

Admini akipokea taarifa nane za wasiwasi na zote zikawa si kitu, ya tisa ataichelewesha. Chukua dakika tano kwanza.

Kama ujumbe unaomba pesa, piga simu ya kawaida kwa anayesemekana ameutuma. Usimuulize kwa WhatsApp. Aliyeiba akaunti ndiye atakayekujibu, tena kwa upole sana.

Kama ni habari iliyosambazwa, angalia juu yake. Mshale mmoja unaonyesha imefowadiwa. Mishale miwili na maneno kwamba imetumwa mara nyingi maana yake imepita mikono mingi kabla ya kufika kwenu. WhatsApp yenyewe hairuhusu ujumbe wa aina hiyo kutumwa zaidi ya mahali pamoja kwa wakati mmoja. Hiyo haithibitishi kuwa ni uongo, ila aliyekutumia hakuandika yeye na huenda hajui chochote zaidi yako.

Kama ni video, iangalie taratibu. Mvua zikinyesha Dar es Salaam, video za mafuriko hujaa kwenye makundi zikidaiwa ni Jangwani. Tazama namba za magari. Za Tanzania huanza na T, zikifuata tarakimu tatu kisha herufi. Za Kenya huanza na K na herufi nyingine mbili. Sikiliza watu wanaongea lugha gani. Soma mabango ya maduka. Picha unaweza kuitafuta kwa Google Lens uone ilitokea wapi kwanza. Mara nyingi ni ya miaka mingi iliyopita na ya nchi nyingine. Ukikwama, wapo wanaofanya kazi hii kila siku: JamiiCheck na Nukta Fakti kwa Tanzania, PesaCheck, Piga Firimbi na Africa Check kwa Kenya. Huenda uzushi huo wameshauchambua.

Linki za ajira na bando la bure zina dalili zake. Tovuti za serikali huishia na .go.tz kwa Tanzania na .go.ke kwa Kenya. Soma mwisho wa jina la tovuti, kabla ya mstari wa mlazo (/) unaofuata jina hilo, maana matapeli hupenda kuweka neno "ajira" au "serikali" mwanzoni na kumalizia na kitu kingine kabisa. Ukurasa ukikuambia utume linki kwa makundi kumi ndipo upate zawadi, huhitaji uchunguzi mwingine.

Hatua ya 4: Mfikishie admini taarifa inayofanyiwa kazi

Ujumbe wa "admini angalia kundi lako jamani" haumsaidii mtu. Aangalie wapi? Andika inboksi, na weka vitu vinne: nani katuma, saa ngapi, kuna shida gani, na umethibitisha nini. Ambatanisha skrinishoti. Mfano:

"Habari za usiku admini. Saa 3:40 kuna ujumbe kutoka namba inayoishia 27, aliyejiunga leo mchana. Ameweka linki ya mkopo inayoomba namba ya NIDA na PIN. Nimeona watu wawili wameuliza jinsi ya kujisajili. Skrinishoti hii hapa."

Kwa taarifa hiyo admini anafuta na kumtoa mtu bila kuuliza swali lolote. Skrinishoti ina umuhimu mwingine: aliyetuma anaweza kufuta ujumbe wake kwa wote ndani ya siku mbili hivi, kisha akakana. Usiikate sana, iache ionyeshe jina la kundi, namba na saa.

Kama jambo ni la pesa au usalama wa mtu, usiishie kwenye ujumbe. Piga. Asipopokea, piga kwa wa pili. Kama si la haraka, kwa mfano mtu anatuma matangazo ya viatu kila siku, tuma inboksi mara moja uache. Admini wengi hukata tamaa si kwa matusi ya watukutu, bali kwa watu wema wanaowatumia taarifa hiyo hiyo mara nane.

Na usimtangaze aliyekosea. Ukimpelekea admini skrinishoti, isiende na kwenye kundi la pembeni la "sisi wenyewe". Hapo umeanza tatizo jipya.

Hatua ya 5: Ripoti pia kwa wenye mtandao

Admini akimtoa tapeli, ametoka kwenu tu. Kesho yuko kundi la wazazi wa shule ya jirani. Kwa hiyo bonyeza ujumbe wake kwa muda, fungua menyu, chagua kuripoti. Ukiripoti akaunti au kundi, WhatsApp hupokea ujumbe tano wa mwisho uliokufikia kutoka huko, na aliyeripotiwa hajulishwi. Fanya hivi kabla ya kufuta mazungumzo, kwa sababu ukishafuta hakuna cha kuripoti. Watu kumi wa kundi moja wakiripoti akaunti hiyo hiyo, kila mmoja amefanya kazi ya nusu dakika.

Namba ya simu iliyotumika kuomba pesa nayo ina pa kwenda. Tanzania, itume kwa SMS kwenda 15040, ni bure. Kenya, wateja wa Safaricom hutuma kwenda 333. Na ukiwa Tanzania, piga *106# mara kwa mara uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Usingependa namba ya tapeli wa kundi lenu iwe na jina lako.

Hatua ya 6: Akaunti ya mwenzenu ikitekwa

Admini amtoe kwanza mwenye akaunti hiyo kundini. Wengine mwelewe kwamba si adhabu, na msimtupie maneno mtu ambaye tayari amevurugika. Mmoja anayeishi karibu naye aende au ampigie, amsaidie hivi: aweke WhatsApp upya kwa namba yake mwenyewe, asubiri SMS ya tarakimu sita, aiingize. Akifaulu, mwizi anatolewa papo hapo. Ikiwa mwizi ameshaweka namba ya siri ya hatua mbili na mwenye simu haijui, atasubiri siku 7 ndipo aweze kuingia bila hiyo. Lakini hata katika siku hizo mwizi naye ameshatolewa. Waliotuma pesa wapige huduma kwa wateja ya mtandao wao mara moja, kila dakika ina maana, kisha waende polisi na skrinishoti.

Hatua ya 7: Kumrekebisha mwenzako bila kumvunjia heshima

Uzushi mwingi kwenye makundi yetu hauletwi na wabaya. Unaletwa na mzee anayetupenda, aliyeambiwa kwamba maji ya moto na kitunguu saumu vinatibu saratani, akaona asiwanyime wanawe habari. Ukimjibu hadharani "acha uongo", umemvunjia heshima mbele ya wakwe na wajukuu, na hatafuta kamwe. Nimeona ukoo ukigawanyika makundi mawili kwa jambo la namna hii.

Mwendee inboksi, au mpigie. Kitu kama hiki hufanya kazi:

"Shikamoo baba mdogo. Ile habari ya dawa nimeiona, asante kwa kutujali. Nimeuliza hospitali, wanasema mgonjwa akiacha dawa zake kwa ajili ya hiyo anaweza kuzidiwa. Shangazi naye yumo kundini na anatumia dawa. Naomba uifute kwa wote, ukitaka nitakuelekeza kwa simu."

Angalia kilichomo: salamu ya umri wake, shukrani ya kweli, sababu yenye mtu ndani, na njia ya kutoka. Mpe nafasi afute mwenyewe. Mara nyingi ataandika kundini "habari ile si sahihi, msiifuate", na neno lake litasikika kuliko lako na la admini.

Ugomvi wa watu wawili ni hivyo hivyo. Usichague upande kundini. Anayemfahamu mmoja wao amvute pembeni kwa simu. Dakika kumi za kimya zikipatikana, admini ana nafasi ya kuamua kwa utulivu kama afunge kundi kwa saa chache.

Picha za ajali, maiti na watoto

Hapa sitazunguka. Picha ya aliyekufa kwenye ajali haipaswi kutumwa kundini hata kwa nia ya kumtambua. Kuna mama amewahi kujua kifo cha mwanawe kwa kufungua simu akiwa jikoni. Ukiiona, mpigie admini aifute, na mwambie aliyetuma aipeleke polisi kama anadhani inasaidia utambuzi.

Picha au video ya mtoto inayomdhalilisha usiipige skrinishoti, usiihifadhi, usimfowadie hata admini kama ushahidi. Kila nakala ni dhara jipya kwa mtoto huyo, na unaweza kuingia hatiani wewe. Mwambie admini kwa maneno, ripoti ndani ya WhatsApp, na piga 116, namba ya huduma kwa mtoto inayofanya kazi Tanzania na Kenya.

Kuhusu uzushi wa kawaida, kumbuka kwamba Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inamgusa anayechapisha taarifa akijua ni za uongo kwa nia ya kupotosha watu. Mwenzako anayefuta mapema amejisaidia na yeye.

Mambo madogo yanayompunguzia admini mzigo

Kama umekosea, futa mwenyewe kwa wote. Au ndani ya dakika 15 hariri. Shukrani kwa mtu mmoja ziende inboksi. Kwenye tangazo la msiba, alama ya pole juu ya ujumbe inatosha, ili saa ya mazishi isizame chini ya poleni themanini. Video ndefu ya salamu za asubuhi inakula bando la mwenye simu ndogo, ambaye akishajaza nafasi atalefti, na siku ya tangazo la maji hatakuwepo. Mwenyeji mpya akiuliza kilichoulizwa jana, mjibu wewe kwa upole umwonyeshe ujumbe uliobandikwa, usimsubiri admini.

Na admini akikosea? Akifuta ujumbe wako, muulize inboksi, siku inayofuata, ukiwa umepoa: "Naomba kujua kosa langu ili nisirudie." Kama anapendelea, zungumzeni wachache pamoja naye kwa simu, mkiwa na mifano miwili au mitatu. Kumwita dikteta kundini kunamfanya ajitetee, na ukweli wa hoja yako unapotea hapo hapo.

Hatua ya mwisho: Jitolee zamu

Kundi lenye admini mmoja linalala anapolala yeye. Kama una saa zako za kuwa macho, mlinzi wa usiku, muuguzi wa zamu, jamaa aliyeko Muscat au Toronto ambako saa ni tofauti, mwambie. Huhitaji kufanywa admini siku hiyo hiyo. Anza kama jicho, uaminike. Kundini kwetu zamu ziko tatu sasa, na ya kuanzia saa nne usiku anayo yule mama. Alipoikubali aliandika hivi: "Mimi silali mapema, mtoto ananiamsha. Nitakuwa naangalia. Nikipiga mara mbili mfululizo, amka."